Vipande Vyeusi Ndani ya Kabureta ya Ndege

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni fundi wa magari na pikipiki hapa Pasua, Moshi. Mzee mmoja ninayemheshimu amenunua ndege ndogo ya viti viwili, iliyoundwa nyumbani na mtu mwingine huko ng'ambo, yenye injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 100. Juzi ilipopigwa resi hadi mwisho ikiwa bado chini, ilimisi na kutikisika, kisha ikatulia yenyewe. Nilifungua bakuli la kabureta ya kushoto nikakuta vipande vidogo vyeusi, laini. Nimesafisha jeti, yaani kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, na sasa inanguruma vizuri. Mipira ya mafuta kwa nje ni mizima. Mzee anataka kuruka Jumamosi. Je, kazi imekwisha?

JIBU: Haijaisha, ndugu fundi, na tafadhali mweleze mzee kwa heshima zote kwamba ndege hiyo isiruke Jumamosi. Ulichosafisha ni matokeo. Chanzo bado kimo katika njia ya mafuta.

Injini hiyo ina silinda nne na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda mbili za upande wake. Kwa kuwa kila silinda ina plagi mbili zinazotumia mifumo miwili tofauti ya umeme, plagi moja ikifa hutaona mtikisiko kama ulioueleza. Lakini kabureta moja ikikosa petroli, nusu ya injini hulala papo hapo. Usidanganywe na mngurumo wa sasa. Injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma taratibu bila kuongezewa resi, hunywa petroli kidogo sana, hata njia iliyoziba nusu huitosheleza. Resi zikifika mwisho huhitaji takriban lita 27 kwa saa, na hapo ndipo uzibe hujitokeza, yaani wakati uleule ndege inapoiacha ardhi. Gari likimisi njia ya Himo utaliegesha pembeni, ilhali rubani aliye mita mia moja juu ya uwanja wa Moshi hana budi kutua mbele yake, pawe pa mahindi au pa mawe, maana kujaribu kugeuza kurudi uwanjani kwa kimo hicho bila injini kumewaua wengi.

Vipande hivyo vinaelekea kutoka kwenye ukuta wa ndani wa mipira ya mafuta. Mpira huzeeka kwa miaka hata kama ndege haikuruka, na ndiyo sababu mtengenezaji wa injini hiyo anaagiza ibadilishwe kila baada ya miaka 5, bila kujali saa chache zilizorukwa. Pia hukwanguliwa na ncha ya kiungio unaposukumwa kwa nguvu bila uangalifu, na vipande vikimegeka kati ya chujio na kabureta hakuna kitu cha kuvizuia visifike kwenye jeti. Kuangalia nje hakusaidii, hasa mipira ikiwa imevalishwa kinga ya moto. Fungua kitabu cha kumbukumbu za injini: kama hakuna tarehe ya kuibadilisha, ihesabu kuwa imepitwa na wakati. Chunguza pia viungio vyote kama kuna silikoni, ambayo sisi mafundi tunaipenda kupita kiasi. Petroli huilegeza, nayo husafiri hadi kwenye jeti vilevile.

Suala la ndege kununuliwa kwa mtu si dogo. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa mwaka 2012 utafiti kuhusu ndege zinazoundwa na watu binafsi, ikaona kwamba zaidi ya nusu ya ajali za ndege hizo ilizozichunguza mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Aliyeiunda anajua kila nati aliyoikaza. Mzee wako hajui, nawe hujui.

Ujuzi wako wa kabureta ni wa kweli, ila haukupi idhini. Mafundi wa ndege hupewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mzee aulize huko, kwa maandishi, ni nani anayeruhusiwa kuitunza ndege ya aina hiyo na kutia saini. Ukikubaliwa kusaidia, fanya kazi chini ya huyo. Bakuli la kabureta ya kulia, ambalo hukulitaja, lifunguliwe mbele yake, na vile vipande vyeusi usivitupe. Vitie katika kichupa umpelekee avione.