Mbwa wa kazi hachoshwi kwa mbio

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tumechukua mtoto wa mbwa aina ya Malinois, dume wa miezi mitano, baada ya kuvutiwa na utiifu wa mbwa wa aina hiyo tuliowaona wakifanya kazi na askari. Kila asubuhi tunamkimbiza saa nzima, lakini tukirudi nyumbani anatafuna viti, anatung'ata mikono na kuwafukuza watoto wetu wanapokimbia. Je, ana kasoro? Na atatulia lini?

JIBU: Ndugu msomaji, mbwa wenu hana kasoro. Uhodari mliouona kwa mbwa wa askari na vurugu mnazoziona sebuleni ni tabia ile ile, ila ya kwanza imepewa kazi na ya pili haijapewa. Malinois ni mojawapo ya aina nne za mbwa wachungaji wa Ubelgiji, na jina lake limetokana na mji wa Malines, ambao pia huitwa Mechelen. Wahenga wake walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa wepesi wa kukimbilia kila kinachosogea na kukizuia, kisha waliowafuga kwa ajili ya polisi na majeshi wakaikuza zaidi hamu ya kufukuza na kukamata kwa meno. Mtoto anayekimbia huku akipiga kelele huiamsha silika hiyo bila mbwa kuwa na uovu wowote.

Sehemu ya utafunaji itapungua, kwa kuwa mbwa hubadilisha meno kati ya miezi 4 na 7. Mbio za asubuhi, hata hivyo, naomba mziache. Mifupa yake bado inakua na haifai kulazimishwa mwendo mrefu. Isitoshe, mwili wake utazizoea, na leo akitosheka kwa saa moja, baada ya miezi michache atadai mbili, nanyi mtakuwa mmejenga mwanariadha asiyejua kupumzika.

Kinachomchosha mbwa wa namna hii ni kazi ya akili na pua. Ficheni sehemu ya chakula chake nyumbani au uani, naye akitafute kwa kunusa. Mfundisheni kwa vipindi vya dakika tano tano mara kadhaa kwa siku. Mchezesheni kwa kipande cha kamba anachoruhusiwa kuking'ata na kukivuta, na mumfundishe kukiachia kwa amri. Kisha, na hili wengi hulisahau, mfundisheni kulala. Mtoto wa mbwa huhitaji usingizi kwa sehemu kubwa ya siku, lakini Malinois aliyechoka mara nyingi hazidi kutulia bali huzidi kung'ata, kwa hiyo mpeni mahali pake patulivu na kumtuza kila anapojilaza mwenyewe.

Asiachwe peke yake na watoto hata kwa dakika moja. Msimpige wala kumfunga mnyororo kutwa: kipigo humfundisha kung'ata kwa kujihami, na mnyororo huweza kumfanya azunguke akifukuza mkia wake bila kukoma, tabia ambayo ni vigumu sana kuiondoa.

Kuhusu kutulia, ni afadhali niseme wazi. Miezi ijayo itakuwa migumu zaidi, kwani katika ujana wake ataonekana amesahau mliyomfundisha. Akili hukomaa akiwa na miaka 2 hadi 3, na hata hapo atataka kazi kila siku katika maisha yanayoweza kufika miaka 12 au zaidi. Kama familia yenu haina nafasi hiyo, zungumzeni sasa na aliyewapa mbwa huyu, angali mdogo na rahisi kuzoea nyumba nyingine. Uamuzi huo si aibu. Mkiamua kubaki naye, tafuteni mapema mkufunzi aliyewahi kufuga mbwa wa kazi, na akianza kukakamaa au kunguruma mtu anapokaribia chakula chake, msingoje wiki ipite kabla ya kumwita.