Ukisema fungu la mwisho, liwe la mwisho kweli

Wewe unayeanza kuuza hapa soko la Kadutu, Bukavu, karibu. Mimi nauza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wabichi asubuhi, wakavu mpaka jioni, na la kwanza nitakalokuambia linahusu mdomo.

Mwaka wangu wa kwanza sokoni kila aliyepita nilimwambia: "Mama, chukua, hili ndilo fungu la mwisho." Siku moja mama mmoja akachukua, akalipa, akaenda. Kumbe alisahau mwavuli. Aliporudi alinikuta nimeinama, navuta gunia chini ya meza, namimina sambaza wengine kwenye karai. Hakugomba. Aliangalia karai, akaniangalia mimi, akachukua mwavuli wake. Tangu siku ile ananunua meza ya tatu kutoka kwangu, yeye na mawifi zake.

Haraka ya kweli ipo, na hiyo itumie. Sambaza wanavuliwa usiku kwa taa; mwanga unawavuta, wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, mitumbwi inarudi na kidogo, bei inapanda. Kwa hiyo naangalia mwezi. Siku tatu nne kabla haujajaa nawaambia wateja: "Dada, mwezi unakuja, chukua wakavu wa wiki nzima." Anayenisikia anaona mwenyewe bei ilivyokuwa baadaye, na safari nyingine haulizi maswali mengi. Bidhaa yako nayo ina mwezi wake. Kama unauza mchele wa Kamanyola, jua mavuno yanaingia lini. Kama ni daftari na kalamu, jipange mapema kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Maneno matamu yatafuata.

Matabishi, ile nyongeza ya bure, usingoje kuombwa. Mteja akishasema "Mama, ongeza," utakachotoa anakiona ni haki yake, na wewe anakuona mgumu. Pima fungu sawasawa, kisha ongeza mwenyewe mbele ya macho yake, konzi ndogo tu. Wako wanaopunja fungu ili wapate cha kuongeza. Huo ni wizi, na mama wa Bukavu fungu analijua kwa jicho.

Sasa pesa, maana hapa ndipo wapya wengi wanapolia. Gunia tunanunua kwa dola, tunauza kwa faranga. Jioni unahesabu faranga, zimejaa pochi, unanunulia watoto nyama. Wiki ijayo faranga ikishuka, pesa ile ile haifikii gunia. Mimi sihesabu faida kabla ya kujiuliza: niliyouza leo, yanarudisha gunia lingine kwa bei ya kesho? Kinachobaki juu ya hapo ndicho changu. Na noti ya dola igeuze pande zote kabla ya kuipokea. Ikiwa na mpasuko mdogo tu pembeni, itakufia mkononi.

Deni liandike siku ile ile. Kirimba, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, cheza na watu unaojua wanakoishi.

Yule mama wa mwavuli nilimwomba msamaha. Alinijibu vizuri, lakini kununua kwangu hajarudi. Mwezi ukikaribia kujaa, akipita mbele ya meza yangu, naye namwambia: "Mama, mwezi unakuja." Anaitika, anaenda meza ya tatu, anachukua wakavu wa wiki nzima.