Kabla hujatundika vita vya babu zetu ukutani

Chapa ya kwanza, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, niliyotundika sebuleni ilikuwa ya vita vya Isandlwana, Afrika Kusini. Niliinunua kwa sababu ya jina tu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, liliwafyeka Waingereza pale, zaidi ya watu 1,300 wa upande wao wakalala uwanjani, na mimi nikaona ukuta wangu umepata heshima. Mgeni alikuwa hajaketi vizuri, nimeshaanza kumsimulia.

Kisha akaja mjomba. Akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Hivi hapa walioshinda ni akina nani?"

"Wazulu, mjomba."

"Mbona aliyechora anawalilia wengine?"

Nilikuwa nimeitazama miezi minane bila kuliona hilo. Picha yenyewe ni ya Mwingereza Charles Edwin Fripp, ya mwaka 1885. Katikati wamesimama askari wa makoti mekundu, mgongo kwa mgongo, mlima nyuma yao, na jicho lako linaenda kwao moja kwa moja. Wazulu ni wimbi linalowazunguka. Fripp alikuwa anawaenzi wenzake waliokufa, na ni haki yake. Kosa ni langu niliyeinunua kama picha ya ushindi wetu.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kuangalia kwanza, wala sikwambii karatasi. Angalia mchoraji kasimama upande gani. Nani kapewa sura, nani kafanywa umati?

Waethiopia hilo walishalimaliza zamani. Katika michoro yao ya jadi ya vita vya Adwa, vya tarehe 1 Machi 1896, walipowashinda Waitalia, askari wa mfalme wao Menelik huonyeshwa uso mzima, macho mawili. Waitalia huchorwa kwa ubavu, jicho moja tu, kama desturi ya uchoraji wa Kiethiopia inavyomtaka adui achorwe. Juu angani yuko Mtakatifu George kwenye farasi wake, kwa kuwa vita vilipiganwa siku ya sikukuu yake, na mara nyingi Malkia Taytu, mke wa Menelik, naye yumo, juu ya farasi. Ukishaijua siri ya macho, huhitaji maelezo chini ya picha kujua imechorwa na nani.

Picha za Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau wa Kenya, nazo zichunguze. Ile inayochapwa sana, amelala na pingu mikononi, ilipigwa baada ya kukamatwa Oktoba 1956, akiwa mikononi mwa wakoloni. Walitaka aonekane amekwisha. Wapo wanaoitundika kama kumbukumbu ya mateso yake, siwalaumu, ila mimi nilishindwa kuishi nayo. Nilichukua mchoro wa msanii aliyemsimamisha wima, kama alivyosimama kwenye sanamu yake pale Nairobi, bunduki mkononi. Na kwa watu kama Kinjekitile Ngwale wa Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, muuzaji akikwambia "hii ndiyo sura yake halisi", muulize ameipata wapi. Msanii kubuni sura si dhambi, muuzaji kukudanganya ndiyo dhambi.

Haya, sasa karatasi. Hapa nililipia ada ya ujinga. Chapa yangu ya Adwa niliitundika mkabala na dirisha, jua la asubuhi likawa linaipiga kila siku. Ndani ya mwaka mmoja na nusu wekundu ulikimbia, manjano ikafuata, na jeshi zima la Menelik likabaki rangi ya samawati kama limezama majini. Lilikuwa bango la kawaida la kiwandani lililouzwa kwa bei ya sanaa. Ningekuwa na kioo cha kukuzia siku ile, ningeona vitone vidogo vilivyojipanga kwa mistari. Chapa ya maana iko kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi, kwa wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizopauka haraka), na pembeni chini kuna saini ya penseli na namba kama 14/50, yaani ya kumi na nne kati ya hamsini. Namba iliyochapwa pamoja na picha haina maana yoyote. Ukipeleka kwa fundi wa fremu, mwambie aweke ukingo wa kadibodi ili kioo kisiguse karatasi, la sivyo ukungu utaingia.

Hatimaye ile ya Fripp sikuitupa. Niliihamishia ukumbini, na kando yake nikaweka nakala ya chapa ya lino, yaani iliyochongwa kwenye linoleamu, ya msanii wa Namibia John Muafangejo kuhusu vita vya Rorke's Drift, ambavyo Wazulu walishindwa, vilivyopiganwa siku ileile ya Isandlwana hadi kesho yake. Muafangejo alisomea sanaa hapohapo Rorke's Drift miaka ya sitini, kisha mwaka 1981 akakichonga kisa hicho kwa nyeusi na nyeupe tu, bila koti jekundu hata moja la kukuvuta jicho.

Mjomba alipopita tena alisimama mbele ya zote mbili. Akanyoosha kidole kwenye ya Muafangejo.

"Huyu hata kama tulishindwa, ametuhesabu."

Kisha akaniuliza kwa nini fremu imepinda.