Vidonge vya damu kuganda mguuni: anza na maabara, si na bei

Mamaangu alipogunduliwa ana donge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu, kila jamaa alikuja na suali: dawa ipi nzuri? Mimi ndiye ninayempa vidonge. Ukiniuliza hivyo nitakuuliza kwanza unakaa wapi, na maabara iko wapi.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya zamani, binaadamu wanaitumia tangu 1954, na bei yake ni rahisi. Kazi iko kwenye kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na kinachotakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, donge linaweza kukua. Kikipanda, mtu anatoka damu. Sisi tuko shamba, kaskazini ya Pemba: kila kipimo ni gari ya alfajiri, foleni, na pengine kuambiwa vifaa vya kupimia vimekwisha. Na jikoni nako! Kisamvu na mchicha vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Si lazima uviache, ila kiasi kisibadilike sana. Mama alikuwa hagusi mboga wiki nzima, halafu Ijumaa anamaliza sahani ya kisamvu cha nazi. INR haikutulia hata siku moja.

Daktari akambadilishia rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji kipimo hicho. Dozi ni miligramu 15 mara mbili kila siku kwa wiki tatu za mwanzo, kisha 20 mara moja kwa siku, tena pamoja na chakula, la sivyo mwili hauinyonyi vizuri. Ramadhani ilimkaa vyema: anafuturu, anameza. Apiksabani, mpya nyengine, nayo ni mara mbili kila siku. Mfungaji apange saa na daktari wake.

Lakini hizi mpya ni ghali, na ukizikosa siku moja tu kinga imekwisha, wakati warfarini hukaa mwilini siku kadhaa. Kwa hiyo boksi la pili hulinunua la kwanza likiwa nusu. Kusi ikichafuka, meli haziji, na duka la dawa halina.

Mjamzito habari yake nyengine, yeye ni sindano za heparini. Mwenye valvu ya chuma moyoni abaki na warfarini. Na diklofenaki ya dukani, hata goti liume vipi, usimpe kabla ya kumuuliza daktari. Pumzi zikimkata ghafla, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje siku ya kliniki. Tafuta gari usiku huo huo.