Ng'ombe wawili, ekari tatu za nyasi, na wewe uko Dar: jibu refu kutoka Machame

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu: siku ya kawaida ya mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa ikoje, hei (nyasi zilizokaushwa za akiba) inatengenezwaje na mtu asiye na trekta, na kama unaweza kununua ng'ombe wawili na ekari tatu za nyasi ukamwachia kijana, wewe ukabaki Dar unasimamia kwa simu. Walionitangulia wamekupigia hesabu za lita. Mimi nitakupigia hesabu ya majani, maana huko ndiko wengi wanakokwama.

Sisi tuko Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Banda liko juu kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, katikati ya migomba na kahawa, na nyasi ziko chini, upande wa Boma Ng'ombe, kwenye shamba ambalo marehemu mzee alikuwa analima mahindi na maharage. Juu kuna maji na ubaridi ila hakuna nafasi. Chini kuna nafasi, jua na upepo, ila mvua ya kutegemea ni ya masika tu. Ya vuli inakuja ikijisikia. Familia nyingi za huku zinaishi hivyo, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini. Ng'ombe hatoki bandani, chakula ndicho kinamfuata, na kila kilo anayokula kuna mtu kaibeba.

Siku inaanza saa kumi na moja alfajiri. Banda linasafishwa kwanza, ndoo inakuja baadaye. Kiwele kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa, kila ng'ombe na kitambaa chake, halafu mikamuo miwili mitatu ya mwanzo ya kila chuchu inaingia kwenye kikombe cheusi. Hapo unaangalia kwa tochi: ukiona vibonge au maziwa yamekuwa majimaji, ugonjwa wa kiwele unabisha hodi, na huyo anakamuliwa wa mwisho. Tangu unapomgusa kumwosha, una kama dakika saba hivi za maziwa kushuka yenyewe. Ukisimama kupokea simu yanabaki ndani, na ukiendelea na mchezo huo lita zinapungua. Mama yangu hajasoma habari za homoni, lakini akiwa anakamua redio haiwashwi na mgeni anasubiri nje.

Ukimaliza unachovya chuchu kwenye dawa, ndipo unaweka majani horini. Si kabla. Tundu la chuchu linachukua karibu nusu saa kujifunga, na ng'ombe mwenye chakula mbele yake atasimama muda huo badala ya kwenda kulala kwenye samadi na chuchu zikiwa wazi.

Baada ya hapo maziwa yanawahi kituo cha kukusanyia, kisha kazi inayobaki mpaka jioni ni kukata, kubeba, kukatakata na kuchota. Ng'ombe anayetoa lita kumi na tano hivi anakunywa maji lita 60 hadi 80 kwa siku, kwa hiyo kama huna bomba bandani ujue umeajiri mtu wa ndoo. Samadi inaenda kwenye migomba. Ndama ana ratiba yake, na aliyezaliwa leo lazima apate dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake) ndani ya saa sita za mwanzo, hata kama ni usiku wa manane. Saa kumi na moja jioni unakamua tena. Hakuna Jumapili. Desemba ukoo wote unapanda kutoka Dar, nyumba zinajaa, kila mtu anataka chai ya maziwa, na anayeamka alfajiri ya Krismasi ni yule yule.

Sasa hei.

Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Nikisema kikavu namaanisha ukishatoa maji, na majani ya tembo mabichi zaidi ya robo tatu yake ni maji. Lile furushi linalokuvunja shingo ukilikausha hubaki kidogo tu. Migomba ndiyo zaidi: kiangazi kikikaza watu wanakatakata mashina ya migomba wakaona ng'ombe ameshiba, kumbe amekunywa. Tuseme nusu ya chakula chake kiangazi itoke kwenye hei. Hiyo ni kama kilo 7 za hei kwa siku. Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Novemba ni siku 120 na ushee, kwa hiyo ng'ombe mmoja anataka zaidi ya kilo 800. Kwa robota (furushi la hei lililoshindiliwa na kufungwa kamba) la kilo 15 ni marobota 56. Weka yatakayomwagika na kukanyagwa, sema 70. Ng'ombe wawili 140, na mtamba (jike ambaye hajazaa bado) akiongezeka hesabu inapanda. Hayo lazima yawe yameingia stoo kabla kiangazi hakijaanza. Bei ya robota mwezi wa saba na bei yake mwezi wa kumi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tunapanda nyasi aina ya Rhodes. Mbegu zake ni ndogo na nyepesi, upepo unazichukua, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndipo umwage, halafu funika kidogo sana, ukizika sentimita tatu nne hazitoki. Shamba liwe laini na magugu yawe yamepigwa mapema, mwaka wa kwanza ndio wa palizi. Ikishika, unavuna miaka kadhaa bila kupanda tena, mradi urudishe samadi.

Kukata ni suala la siku, na hapa ndipo watu wa tamaa wanapopoteza. Nyasi zikianza kutoa maua, kata. Ukisubiri zirefuke upate marobota mengi, utapata marobota mengi ya mashina, protini imeshuka, na ng'ombe anakula huku anapunguza maziwa. Usikate alfajiri, ngoja umande uondoke, saa tatu au nne. Acha kisiki cha kama sentimita kumi ili zichipue upya na zile zilizolazwa zisigusane na udongo. Tunatumia mashine ya kufyekea ya begani, na pale ilipo vichaka, mundu. Nyasi zinatandazwa nyembamba, mchana zinageuzwa kwa uma, jioni zinakusanywa mistari ili umande ushike juu tu, asubuhi zinatandazwa tena. Huko chini kwenye jua na upepo, siku mbili mpaka tatu zinatosha. Usijaribu kukausha juu mlimani mwezi wa sita na wa saba. Ni ukungu na manyunyu kutwa, utageuza majani mpaka uote ndevu.

Kujua kama zimekauka hakuhitaji kipimo. Chukua bua moja, likwangue kwa ukucha. Ganda likichunika, bado kuna maji. Chukua konzi, lisokote mara mbili tatu: mabua yakijipinda bila kukatika, bado, yakikatika taratibu huku majani yakiwa yameng'ang'ania shina, funga leo hii. Majani yakisagika kuwa unga mkononi umechelewa, maana chakula kizuri kiko kwenye majani na hicho ndicho kinabaki shambani. Rangi inatakiwa ibaki kijani iliyofifia. Ikiwa njano kama mkeka wa zamani, jua limekula vitamini.

Trekta hatuna na hatujawahi kulihitaji. Fundi seremala alitutengenezea boksi la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu kama sentimita 85, upana 55, kina 45. Unalaza kamba mbili za katani zikatokeza pande zote, unajaza nyasi kidogo kidogo, mtu mwepesi anapanda anakanyaga, unajaza tena, anakanyaga, ukifika juu unafunga kamba unanyanyua boksi. Bahati nzuri mwezi wa sita shule zimefungwa, watoto wanagombania zamu ya kurukaruka. Robota likishindiliwa vizuri linafika kilo 15 mpaka 18. Likiwa jepesi hujashindilia, na utalipa gari libebe hewa.

Mvua ikikukuta nyasi zimelala, usifunge kwa hasira. Acha zikauke, geuza, kubali hasara ya ubora. Robota lililofungwa bichi linapata joto ndani, linaota ukungu, na lundo kubwa la namna hiyo linaweza kuwaka moto lenyewe. Wiki za mwanzo ingiza mkono katikati ya lundo mara kwa mara. Ukikuta joto la kukushangaza, toa yote nje, yatenganishe yapoe. Stoo yenyewe iwe na paa lisilovuja, marobota yakae juu ya magogo au mbao, yasiguse ukuta. Panya watakuja na nyoka atawafuata panya, kwa hiyo mwambie kijana asivute robota gizani.

Kama utanunua badala ya kutengeneza, nunua kwa macho. Mwaka mmoja wa ukame tulichukua marobota kwa mfanyabiashara wa barabarani. Nje kijani safi. Ukikata kamba, ndani ukungu mweupe, vumbi linatimka. Ng'ombe walinusa wakageuza vichwa. Siku hizi tunashusha robota moja la katikati ya gari na kukata kamba kabla pesa haijatoka. Angalia pia nailoni na vipande vya waya, hasa kama nyasi zimekatwa kando ya barabara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini takataka za zamani bado zipo ardhini, na ng'ombe hachambui.

La simu. Kijana si tatizo, nimeona vijana waaminifu kuliko wenye mali. Tatizo ni kwamba kuna mambo mawili hayasubiri upokee simu. La kwanza ni joto, yaani ng'ombe kutaka dume. Linakuja kila baada ya siku 21 hivi na halikai hata siku nzima. Akionekana asubuhi anapandishwa jioni, akionekana jioni anapandishwa kesho yake asubuhi. Mbegu za madume bora zipo, kituo cha taifa cha uhimilishaji (kupandisha kwa mrija bila dume) kiko Usa River tu hapo, lakini likikupita unalisha wiki tatu zaidi bure. La pili ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kupe akishafanya kazi yake, unaona tezi chini ya sikio imevimba, joto la mwili linapita nyuzi 40, ng'ombe anasusa kula. Akitibiwa mapema anapona. Akianza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, mara nyingi umeshampoteza. Ogesha kwa dawa ya kupe kwa ratiba, na ulizia chanjo. Inachanjwa mara moja tu maishani, ila mrija mmoja wa chanjo ukifunguliwa unatosha ng'ombe wengi na haurudishwi kuhifadhiwa, ndiyo maana majirani hujikusanya siku moja na kumwita daktari.

Kwa hiyo ukiamua kukaa Dar, mpe kijana kipimajoto, namba ya bwana mifugo na ya mhimilishaji, na pesa ya dharura iwe tayari kwenye simu yake, aite kwanza akueleze baadaye. Mtu anayelazimika kuomba ruhusa saa nne usiku atasubiri asubuhi. Na uwe na mtu wa pili wa kumshika mkono, kijana naye anaumwa na anafiwa.

Ushauri wangu wa mpangilio: anza na nyasi, ng'ombe baadaye. Panda masika haya ekari mbili za Rhodes. Mkato wa kwanza uingie stoo, ndipo utafute mtamba mmoja mwenye mimba ya miezi sita saba, sio wawili. Kwetu ekari iliyoshika vizuri inatoa marobota mia na kitu kwa mkato mzuri, kwa hiyo mwaka wa kwanza unaweza kubaki na ya kuuza mwezi wa kumi, na hiyo pesa ndiyo ya pumba na mashudu. Ekari ya tatu ibaki ya mahindi na maharage. Mabua na maganda ya maharage yanaliwa, ukiyakatakata na kuyanyunyizia molasi kidogo, na kijana wako atakuwa na ugali wa mwaka mzima.