Mishikio ya mfuko wa khanga kung'oka

Dada yangu, umeuliza kwa nini mishikio ya mifuko unayoshona kwa khanga kuukuu hung'oka ukibeba mchele. Khanga ni pamba nyepesi, na ikishafuliwa miaka mingi haihimili uzito peke yake. Kwa hiyo itilie bitana ya jinzi chakavu, na mishikio pia uikate kwenye jinzi hiyo kwa kufuata urefu wa uzi, kwani kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Ncha ya mshikio iteremshe sentimita 4 chini ya ukingo, uishone kwa umbo la mraba, kisha upitishe mishono miwili inayokatizana kutoka pembe hadi pembe, kwa sindano ya cherehani namba 16. Nakusihi pia uache jina la khanga lisomeke upande wa mbele. Ni uzuri usiostahili kufichwa.