Maji ya chemba yakiingia ndani, usikimbilie Jik

Mvua za Aprili 2018 zilipoujaza mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, kwangu maji hayakupita mlangoni. Yalipandia tundu la choo, meusi, pamoja na kila kilichokuwa kwenye shimo letu na la jirani. Kwa sisi wa bondeni ndivyo ilivyo: shimo likizidiwa, linarudisha.

Kabla sijakanyaga ndani nilizima swichi kuu, nikavaa gambuti na glavu za mpira. Hapo nilipatia. Kilichofuata ndicho kilichonigharimu: nikamwaga chupa tatu za Jik juu ya tope, nikaenda kulala kwa wifi. Kesho yake saa nane mchana, bati liliposhika joto la jua, harufu ikarudi vilevile. Dawa yote iliishia kwenye tope, sakafu haikuipata.

Zoa tope kwanza, lote, kwa koleo. Sugua kwa maji na sabuni ya unga, suuza, ndipo uweke dawa. Jik ya asilimia 3.5 inataka kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, na sakafu ibaki imelowa dakika 10. Changanya ya siku hiyo tu, maana ikilala hupungua nguvu. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inaunguza mapafu. Ukutani usiishie kwenye alama ya maji, panda juu kidogo.

Sasa godoro. Mama mkwe hakutaka kusikia. "Mwanangu, hili lina miezi minne, tulianike tu." Tukalianika siku tatu. Nilipolikandamiza kwa goti, likatoa maji ya rangi ya chai. Mama akaangalia pembeni. Likatupwa, na zulia, na makochi (haya niliyalilia). Sufuria na ndoo zinaoshwa, nguo zinachemshwa, sponji haina dawa.

Gari la majitaka nalo lisubiri kidogo. Shimo likinyonywa wakati ardhi bado imejaa maji, linaweza kubomoka.

Rangi nilipaka baada ya wiki tatu, ikabanduka yote. Fundi akanionyesha: bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi, pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, ukuta bado. Changu kilitoa matone hadi Julai.